Mwaka Wangu wa Kwanza Chuoni: Nani Amekufa Humu?

Kiswahili nilifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa shuleni, Karatu, nikiwa mtoto wa miaka 8 ambaye nyumbani hakusikia ila Kiiraqw. Mara ya pili ilikuwa katika chuo cha ualimu, kuanzia mwaka 1983, nikiwa kijana wa miaka 23 aliyejidhania kwamba hana tena la kufundishwa. Vijana wanaotunga mashairi wameniomba mara kadhaa niwaeleze nilivyoingia katika sanaa hii, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato. Leo nitajibu kwa kirefu. Jibu lenyewe ni ule mwaka mmoja wa kwanza chuoni, ambao deni lake nimelilipa kidogo kidogo darasani hadi nilipostaafu mwaka 2020.

Karatu ya utotoni mwangu haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, mji mdogo wa udongo mwekundu kandokando ya barabara ya vumbi, wenye mashamba ya ngano, mahindi na maharage, na kwa mbali msitu mweusi wa nyanda za juu za Ngorongoro ukifunga upeo wa macho. Magari ya watalii yalipita kuelekea huko. Sisi watoto tuliyapungia mikono, kisha tukarudi kuchunga. Nyumbani tulisema Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na ngeli kama za Kiswahili, ambayo kitenzi chake aghalabu hungoja mwishoni mwa sentensi, na ambayo haina sauti ya z. Shuleni, aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa kibao kile mara nyingi. Hivyo nilijifunza mapema kwamba kuna lugha ya kuficha na lugha ya kuonyesha, nikawa hodari wa kuonyesha.

Julai 1983, baada ya kidato cha sita, Jeshi la Kujenga Taifa na miezi mingi ya kusubiri barua, nilipanda basi la kwenda chuoni. Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa chini yetu kama bati lililoanikwa juani, tukapita Mto wa Mbu na Makuyuni hadi Arusha. Kutoka hapo safari ilikuwa ya usiku kucha, kupitia Moshi, Same na Korogwe, kuelekea joto ambalo sikuwahi kulijua. Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni, na chuoni tulikula ugali wa unga wa njano, ule ambao watu waliubatiza jina la Yanga. Sanduku langu lilikuwa na mashati mawili, blanketi, kipande cha sabuni alichonifungia mama katika kitambaa, na fahari nyingi kuliko vyote hivyo.

Fahari hiyo haikudumu wiki mbili. Darasani kwetu walikuwamo vijana wa Tanga na Pangani, watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili, ambao hata wakigombania ndoo kisimani maneno yao yalikuwa na mahadhi. Siku niliyosimama kueleza kanuni za ushairi, nilifungua kinywa nikasema, kwa sauti kubwa na kwa uhakika wote, "vina na misani". Darasa likaangua kicheko. Tangu siku ile jina langu likawa Bwana Misani. Waliniita hivyo mezani, shambani, hata kwenye gwaride.

Maktaba ya chuo ilikuwa na nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza la mwaka 1981, ikingali na harufu ya wino. Nikaifanya kimbilio. Kila usiku nilinakili maneno 20 katika daftari: simanzi, thamani, maskani, azizi, maizi. Yale yenye z niliyapigia mstari, nikaenda kuyatamka peke yangu nyuma ya jiko. Barua zangu za nyumbani nazo zikabadilika. Nilimwandikia baba kwamba "aghalabu siha yangu ni ya kuridhisha licha ya dhiki za hapa na pale". Baba hakujua kusoma; dada yangu mdogo ndiye aliyemsomea na kumtafsiria. Jibu lilipokuja, dada aliandika: "Kaka, baba anauliza kama unaumwa. Amesema barua hii si ya mtu mzima wa afya." Niliwasomea wenzangu barua hiyo, tukacheka sana. Mimi nilicheka kwa sababu nilidhani anayechekwa ni baba.

Jirani yangu wa kitanda bwenini alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, huko juu Ngorongoro. Sitamtaja jina, ni mtu asiyependa kutajwa. Kwa kuwa tulitoka upande mmoja wa nchi, wenzetu walituona ni kitu kimoja, wakatutania pamoja. Yeye utani haukumgusa. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na cha polepole, na alipokosa neno alinyamaza mpaka lije, bila kuona haya. Mimi nilimwonea haya kwa niaba yake. Tuliposhuka pamoja kwenda darasani nilijitahidi kutembea hatua chache mbele.

Mwezi wa Novemba mkufunzi wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya kuandika insha ya wasifu juu ya mahali tunapopajua. Wengi waliandika vijiji vyao. Mimi niliona Karatu haina cha kuandikwa, nikachagua kreta ya Ngorongoro, kwa sababu kila nilipojitambulisha watu waliniuliza habari zake. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuiona. Tulizaliwa chini ya msitu wake, lakini kwenda kule juu palihitaji gari, na gari lilikuwa la watalii na la serikali. Niliyoyajua niliyapata katika kitabu cha jiografia: kwamba ni bakuli lililobaki baada ya volkano kuporomoka, kwamba kina chake ni kama meta 600, na kwamba sakafu yake ni kilometa za mraba zipatazo 260. Yaliyobaki niliyachota katika daftari la maneno. Sentensi niliyojivunia kuliko zote ilisema kwamba Ngorongoro ni bustani azizi ambayo tangu kuumbwa kwa ulimwengu haijaguswa na unyayo wa mwanadamu.

Insha ile ilipata alama za juu, ikasomwa mbele ya darasa. Walionicheka kwa "misani" walipiga makofi. Jirani yangu wa kitanda naye alipiga makofi, polepole, kama alivyofanya kila jambo. Kijana wa Karatu, aliyelala mkono mmoja kutoka kwa kijana wa Ngorongoro, alikuwa ameandika kurasa nne juu ya Ngorongoro bila kumwuliza swali hata moja.

Muhula uliofuata tulifika kwenye fasihi simulizi. Mkufunzi alimtaka kila mmoja alete utungo mmoja wa kwao. Mwenzetu wa Bukoba alituelezea enanga na mashujaa wanaoimbwa humo. Wa Shinyanga akatuimbia wimbo wa kulimia. Jirani yangu alisimama akaghani kwa Kimaasai utungo wa kumsifu ng'ombe mmoja tu, ng'ombe wa baba yake, akataja rangi zake na pembe zake mpaka darasa zima likanyamaza. Zamu yangu ilipofika nilisema: "Mwalimu, kwetu hatuna ushairi. Tuna maombi tu ya wazee."

Mkufunzi, mtu mzima wa makamo aliyevaa shati lile lile jeupe kila Jumatatu, alinitazama kwa kitambo.

"Ndugu," akasema, "andika kwamba hamna. Likizo ikifika, uende ukahakikishe."

Nakumbusha kwamba wakati ule ugomvi wa vina na mizani ulikuwa ungali moto. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kilikuwa mezani, na pembeni yake kilikuwapo Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, ambacho hakikutaka kufungwa na sheria hizo. Mabweni yaligawanyika. Watu walibishana mpaka taa zikazimwa, wakaendelea kubishana gizani. Mimi nilikuwa mtetezi mkali wa sheria, lakini kwa sababu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Ndani ya sheria nilipata pa kujificha. Mtu akihesabu silabi 8 kwa 8, na kina kikalingana na kina, nani atamcheka? Nikawa fundi. Ningeweza kukutungia beti 10 juu ya jembe kabla chai haijapoa.

Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio. Tulikuwa tumekusanyika nje ya bwalo, redio ya chuo ikiwa juu ya dirisha. Baada ya tangazo hakuna aliyeondoka mahali pake kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mtu wa Monduli. Barabara iendayo kwetu hupita katika wilaya yake. Alikuwa na miaka 45 tu.

Usiku ule ule niliitwa nikaambiwa nitunge shairi la kusomwa siku ya maombolezo chuoni, kwa kuwa mizani ilikuwa imenikubali. Nilichukua taa ya chemli nikaelekea maktaba kufungua kamusi. Njiani, chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya bweni, nilimkuta jirani yangu amekaa peke yake, magoti yamepandishwa, shuka imemfunika mpaka kichwani. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini sana, kwa Kimaasai, maneno machache yaliyokuwa yakirudi na kurudi. Nilisita. Kisha nikajiambia kwamba shairi linahitajika upesi, nikampita. Nilikuwa nakwenda kutafuta maneno ya huzuni, nikaipita huzuni yenyewe imekaa chini ya mti.

Nanukuu ubeti wa kwanza wa niliyoyatunga, ili msomaji ajionee mwenyewe:

Taifa liko huzuni, machozi yanatutoka,
Kiongozi wa thamani, ghafula katuondoka,
Twalia mwetu nyoyoni, simanzi imetufika,
Ewe Mola wa mbinguni, utupe kufarijika.

Hesabuni, hakuna silabi iliyopungua. Niliusoma mbele ya chuo kizima, na kila z ikatoka safi: machozi, kiongozi, simanzi. Hakuna aliyecheka. Niliporudi kukaa nilikuwa, Mungu anisamehe, na furaha.

Jumatatu mkufunzi aliniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake.

"Ndugu, vina vimetimia. Mizani imetimia. Sasa niambie, nani amekufa humu?"

Nilidhani ni mtego wa sarufi. "Waziri Mkuu, mwalimu."

"Yuko ubeti wa ngapi?"

Niliipitia karatasi kwa macho. Beti zilikuwa saba, na hamkuwamo Dakawa, hamkuwamo barabara, hamkuwamo Monduli, hamkuwamo mtu. Akaniambia kwa upole kwamba shairi lile lingeweza kusomwa msibani kwa kiongozi yeyote, wa nchi yoyote, na hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Akaongeza: "Usije ukasema kosa ni la mizani. Mizani ni kibaba. Ukipimia makapi, kitajaa vilevile." Akanirudishia karatasi, akaniaga.

Kwa siku kadhaa nilimchukia. Kisha nikaanza kulisikia swali lake mahali pengine. Nilipofungua insha yangu ya Ngorongoro nilijiuliza: nani anaishi humu? Nilipozikumbuka barua zangu nilijiuliza: nani ananena humu, hata baba asimjue mwanawe? Usiku mmoja nilimwuliza jirani yangu alikuwa akiimba nini chini ya mwembe. Alichelewa kujibu, kama kawaida yake. Akasema haiwezekani kuitafsiri chuoni, lakini nikitaka kuielewa niende naye kwao wakati wa likizo. Halafu akaongeza, bila kejeli yoyote: "Utaiona na ile bustani uliyoiandika."

Tulisafiri mwezi wa Juni. Nilikaa nyumbani Karatu siku mbili tu, kisha tukapata nafasi juu ya lori la mahindi. Tulipita lango la Lodoare, lori likaanza kupanda msituni, kona baada ya kona, baridi ikizidi na miti ikiwa imevaa ndevu za kuvu. Ukingoni dereva alisimama ili injini ipoe. Niliruka chini nikakimbilia ukingo, nami sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo kama maziwa ndani ya kibuyu. Nilicheka kwa uchungu. Rafiki yangu (siku ile ndipo nilipoanza kumwita rafiki) alikaa juu ya jiwe, akajifunika shuka, akangoja.

Tulingoja labda nusu saa. Ukungu ulianza kuchanika, kwanza ukatokea weupe wa ziwa, kisha kijani cha msitu wa Lerai, kisha sakafu yote ikawa wazi chini yetu, pana na tulivu kuliko nilivyopata kuota, na wanyama wakiwa vijidoto tu. Nilitafuta katika kichwa changu neno moja la kamusi, sikulipata. Rafiki yangu alinyosha fimbo yake.

"Unaona pale, upande huu wa ziwa?"

"Naona."

"Boma letu lilikuwa pale. Nilizaliwa mle."

Alizaliwa ndani ya kreta mwaka 1961 na kuishi humo mpaka mwaka 1974, wakazi wa ndani ya kreta walipoondolewa wakapanda kuishi huku juu. Alikuwa na miaka 13, umri wa kutosha kukumbuka njia zote za kuwapeleka ng'ombe kunywa maji. Alinionyesha njia hizo moja moja kwa ncha ya fimbo. Mimi nilisimama pale nikiisikia sentensi yangu ikisomwa tena mbele ya darasa: haijaguswa na unyayo wa mwanadamu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba uongo wangu ulikuwa mkubwa hata kuliko nilivyodhani. Miaka mitano tu kabla ya insha ile, mwaka 1978, kikundi cha Mary Leakey kilikuwa kimegundua Laetoli, ndani ya eneo hilohilo la Ngorongoro, nyayo za zamadamu waliotembea wima miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Katika dunia nzima nilikuwa nimechagua mahali pabaya kuliko pote pa kuandika maneno yale.

"Mbona hukunikosoa?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Ulipata alama nzuri. Nikadhani ndivyo insha zinavyoandikwa."

Sijapata adhabu kali kuliko hiyo. Nilimwomba radhi pale pale, kwa Kiswahili cha polepole, na nilipokosa neno nilinyamaza mpaka likaja. Alinigonga bega kwa fimbo, tukapanda lori.

Nainokanoka nilikaa siku nne. Niliuliza maswali kama mtoto. Mdogo wake, wa miaka kama 9, alinisimulia siku ile ya Aprili. Habari iliwafikia kesho yake, kwa redio ya dukani. Wazee walisikiliza, redio ikazimwa, kila mtu akainamia fimbo yake. Kisha baba yao alitembea mpaka malishoni, bila kusema neno akawageuza ng'ombe kurudi nyumbani, jua likiwa bado utosini. Mtoto hakuelewa. Alichojua ni kwamba ng'ombe hawarudi saa ile, kwa hiyo akauliza, na baba yake hakumjibu. "Mpaka leo hajanijibu," alisema, kana kwamba ndilo lililomwuma zaidi. Ule wimbo wa chini ya mwembe niliusikia tena kule, ukiimbwa na wengi, na rafiki yangu hakulazimika kunitafsiria. Hadi leo sijui maneno yake. Najua tu unaimbwa lini.

Niliporudi Karatu nilikuta jirani yetu ameandaa pombe, wazee wamealikwa. Nilikwenda nikakaa karibu na mlango. Pombe ilipokwisha kuonjwa, mzee mmoja aliinuka akaanza slufay. Nilikuwa nimeisikia tangu tumboni, na kwa ajili hiyohiyo sikuwahi kuisikiliza. Alianza kwa sauti ya chini, akiomba amani ya nyumba ile, mvua, uzima wa watoto na wa mifugo, na kila alipomaliza mstari watu wote waliitikia kwa pamoja. Jambo moja alilisema mara mbili, mara ya pili kwa maneno mengine, kama mtu anayegeuza jiwe aone upande wa chini. Na kwa kuwa kitenzi chetu hukaa mwishoni, mistari yake ilikuwa ikitua kwa miisho inayofanana, masikioni mwangu vina tupu, bila yeye kuvitafuta. Nilihisi joto la aibu likinipanda shingoni, pale pale kilipokuwa kikining'inia kile kibao. Mbele ya darasa nzima nilikuwa nimesema kwetu hatuna ushairi.

Nilitoa daftari mfukoni niandike. Baba, aliyekuwa kando yangu, aliushika mkono wangu akasema kwa Kiiraqw, "Hayo hayaandikwi, mwanangu. Huitikiwa." Nikaliweka daftari, nikaitikia pamoja na wengine. Usiku ule nilikaa na baba, nikamsimulia mwaka wangu mzima kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sasa ameamini kwamba sikuwa mgonjwa.

Mwaka wa pili ulipoanza, nilimpelekea mkufunzi karatasi mbili. Moja ilikuwa insha ya Ngorongoro iliyoandikwa upya; rafiki yangu aliisoma kwanza, akaisahihisha mahali pawili. Nyingine ilikuwa ubeti mmoja tu:

Redio ilinyamaza, wazee wakainama,
Hakuna aliyeweza, neno lolote kusema,
Mchungaji kageuza, ng'ombe jua lasimama,
Mtoto akauliza: leo twarudi mapema?

Sheria ni zilezile, vina na mizani, nane kwa nane. Sikuziacha wakati ule na sijaziacha hadi leo, ingawa nawasoma kwa heshima wale walioziacha. Mkufunzi aliusoma ubeti, akaniuliza huyo mtoto ni nani. Nilimwambia ni mdogo wake mwenzetu. Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu namwona." Hapakuwa na alama. Karatasi hiyo ninayo mpaka sasa.

Baada ya hapo nilifundisha miaka 35. Kila mwaka, nilipowafikisha vijana kwenye wasifu, niliwakataza kuandika mahali wasipokanyaga, na kila nilipopokea shairi la maombolezo niliandika pembeni swali la mkufunzi wangu. Wapo walionichukia kwa siku kadhaa, kama ilivyopasa. Wanafunzi waliotoka kwenye lugha za nyumbani niliwaambia wazi kwamba Kiswahili hakitaki mtu aingie mikono mitupu. Anayekijia na slufay, au enanga, au sifa za ng'ombe wa baba yake, anakiongezea.

Karatu sasa ni wilaya, barabara ina lami mpaka langoni, na hoteli ni nyingi kuliko nilivyoweza kuwazia. Ngorongoro nayo inaandikwa kila siku, katika vitabu, magazeti na simu. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wake wamehamia Msomera, wilayani Handeni, na maandishi yameongezeka, ya kila upande. Mimi si mtu wa siasa. Lakini kila nikisoma, iwe ni sifa au ni lawama, huangalia kwanza kama ndani yake anaishi mtu mwenye jina, mwenye ng'ombe wa rangi fulani, mwenye mtoto anayeuliza. Nisipomkuta, nakumbuka insha yangu, na makofi yaliyopigwa polepole.

Rafiki yangu naye alifundisha, akastaafu. Hunipigia simu Jumapili jioni, mtandao ukikubali huko juu. Hasemi jina lake, wala hanisalimu kama watu wengine. Husema tu, "Bwana Misani!"

Nami huitikia.